Tafakuri za wanafunzi mtandaoni zikikwama: dalili, vyanzo na la kufanya

Wanafunzi wamemaliza kazi ya kundi mtandaoni. Umewaomba kila mmoja aandike tafakuri: walifanya nini, kiliwashinda nini, watabadili nini. Zimekuja, lakini hazisemi kitu. Au nusu hazikuja. Au zimekuja zimenyooka kupita kiasi, mpaka unashuku nani kaandika.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyefika hapo. Nauandika nikiwa Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, nikiwafikiria wanafunzi wa huku kwetu: mmoja yuko mjini, mwingine Matondoni, mwingine Faza, mwingine ng'ambo Mokowe, wote wako kwenye kazi moja kwa simu na hawaonani mpaka siku ya kuwasilisha. Vyombo nitakavyovitaja ni vile ambavyo wengi wetu tunavyo tayari: WhatsApp, Google Docs, Google Forms, na kwa walio vyuoni, Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni. Sitakushauri utafute programu mpya. Programu huwa ya kwanza kulaumiwa, na mara nyingi haina kosa.

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua tafakuri tatu, funika majina, uzisome huku kazi ya kundi iko wazi kando yake. Ikiwa tafakuri ya mradi wa mikoko ingeweza kubandikwa kwenye mradi wa bei ya samaki na mtu asigundue, anza na dalili ya kwanza. Ikiwa unachokiona ni kingine, ruka mpaka panapokuhusu.

"Tulishirikiana vizuri na tumejifunza mengi"

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ukiitatua hii nyingine kadhaa hupungua zenyewe.

Chanzo cha kwanza ni kwamba mwanafunzi anatafakari bila kuwa na kitu mbele yake. Chukua mfano wa wanafunzi wanne waliopewa kazi ya kuchunguza ukataji wa mikoko. Kazi inawafaa, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na hakuna mtoto wa huku asiyejua boriti za mikoko. Kila mmoja anapima eneo la ukubwa ule ule upande wa kwao, anahesabu visiki, kisha anaingiza hesabu yake kwenye jedwali moja la Google Docs. Wa Matondoni anaandika 47. Kesho yake namba hiyo imekuwa 31. Siku ya tatu imerudi 47, na chini ya jedwali kuna sentensi ambayo haikuwapo: "Tumehesabu visiki vyote, vya zamani na vipya."

Ukifungua kundi lao la WhatsApp unakuta kilichotokea. Usiku, saa tatu na kitu, wa Kipungani aliuliza: "Kwani wewe unahesabu na vile vilivyooza?" Wakabishana. Mmoja akasema kilichooza ni cha zamani na swali letu ni la ukataji wa sasa. Mwingine akajibu kwamba kwa macho tu huwezi kujua kisiki kina umri gani, kwa hivyo ukianza kuchagua utakuwa unabahatisha. Wa Matondoni akapunguza namba yake kwa kuona haya, halafu wenzake wakamwambia airudishe, na wakakubaliana wahesabu vyote na waseme wazi kwamba wamehesabu vyote.

Hapo ndipo elimu yote ya mradi ule ilipokuwa. Wanafunzi wanne wamegundua wenyewe kwamba hesabu haina maana mpaka mmekubaliana mnahesabu nini. Kisha tafakuri zinakuja: "Kazi ilikuwa nzuri, tulishirikiana vizuri, tumejua umuhimu wa mikoko. Ahsante sana mwalimu."

Hawakudanganya. Ugomvi ule waliuona kama kero iliyowachelewesha, na walipokaa kuandika wiki moja baadaye hawakuukumbuka kama jambo la maana. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa kutafakari huanzia penye shaka, pale mtu anapokwama asijue ashike njia gani. Shaka ya kundi hili ipo, ina tarehe na saa, imekaa ndani ya simu zao. Darasani ingepotea hewani. Hii ndiyo faida kubwa ya kufanya kazi mtandaoni, na tunaiacha tukimwambia mwanafunzi afumbe macho akumbuke.

La kufanya: weka kumbukumbu ya kazi mbele yao kabla ya kuuliza lolote. Kwenye kompyuta, fungua hati ya Google Docs, nenda kwenye menyu ya faili, uchague historia ya matoleo. Utaona nani kaandika nini na lini, kila mtu na rangi yake. Tafuta mahali ambapo kitu kilibadilika kisha kikabadilika tena. Piga picha ya skrini ya matoleo mawili, uzitume kwenye kundi, uulize swali moja tu: "Kati ya picha hii na hii, mliamua nini, na kwa nini?" Mara ya kwanza mwalimu ndiye atakayechagua. Mara ya pili waambie wachague wenyewe: kila mmoja alete ujumbe mmoja au badiliko moja lililomfanya afikiri upya, aeleze. Tafakuri inayotokana na hapo haiwezi kubandikwa kwenye mradi mwingine.

Tahadhari mbili hapa. Historia ya matoleo humtambua mtu ikiwa tu ameingia kwa akaunti yake. Ukisambaza kiungo kinachomruhusu yeyote kuhariri, wasioingia kwa akaunti wataonekana bila majina, na hutajua nani ni nani. Na muhimu zaidi: huku kwetu simu moja hutumiwa na watu watatu. Dada anamwandikia kaka, rafiki mwenye bando anaingiza kazi ya wenzake wawili. Historia itaonyesha jina moja na wewe utadhani mmoja kafanya yote. Usiifanye hati ya mashtaka. Waambie kila anayeandika kwa simu ya mwenzake aanze aya yake kwa herufi mbili za jina lake, na jambo hilo limekwisha.

Chanzo cha pili ni adabu, na hiki walimu wanaotoka mbali huwa hawakioni. Mtoto wa Amu amelelewa kumsitiri mwenzake. Ukimwuliza mbele ya kundi, "Ni changamoto gani mlizipata?", yeye anasikia, "Taja nani alikuwa mvivu." Hatataja. Atakwambia wote walikuwa wazuri, na kwa malezi yake amefanya jambo la heshima. Ukimsukuma atafunga kabisa. Na kumwambia mwalimu kwamba maelekezo yake hayakueleweka, hilo hata halimpitii kichwani.

Mimi sioni kuwa adabu hii inahitaji kuondolewa ili mtu atafakari. Kinachohitaji kubadilika ni swali. Uliza kuhusu uamuzi, usiulize kuhusu mtu. "Ni uamuzi gani mlioubadilisha njiani?" "Ni hatua gani mngeianza mapema zaidi?" "Ni maelekezo gani mliyoyaelewa kwa njia mbili tofauti?" Kwa maswali hayo mwanafunzi anaweza kusema kweli yote bila kumfedhehesha mtu. Na swali la tatu linampa ruhusa ya kukosoa maelekezo yako pasipo kukuvunjia heshima.

Chanzo cha tatu ni wingi wa maswali. Wengi wetu tulifundishwa mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa utekelezaji. Ni mzunguko mzuri kwa muuguzi au mwalimu mwanafunzi anayeandika kwa utulivu mezani. Lakini ukizitia hatua zote sita kwenye fomu ya Google, mtu akazijaza kwa kidole gumba kwenye skrini iliyopasuka, atajaza sentensi moja kila kisanduku, na ya tatu itafanana na ya tano. Kwa kazi ya simu nashauri maswali matatu ya Terry Borton, mwalimu wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1970: Nini? Kwa hivyo? Sasa je? Nini kilitokea, kina maana gani, utafanya nini. Yanakaa kwenye ujumbe mmoja, na mwanafunzi huyashika kichwani baada ya mara moja.

Tafakuri zinafanana neno kwa neno

Kama mbili au tatu za kwanza ni tofauti na zinazofuata ni nakala, chanzo ni kwamba wanaona majibu ya wenzao kabla ya kuandika ya kwao. Kwenye kundi la WhatsApp haliepukiki: wa kwanza akishaandika, wa ishirini atafuata mkondo.

Kwenye Moodle kuna aina ya jukwaa la maswali na majibu ambalo mwanafunzi haoni ya wenzake mpaka ameweka la kwake na muda wa kuhariri umepita, kwa kawaida nusu saa. Tumia hilo. Kama huna Moodle, kusanya kwa fomu ya Google kwanza, bila kuruhusu watu waone muhtasari wa majibu. Siku ya pili chagua sentensi tano zinazopingana, zitume kwenye kundi bila majina, na mazungumzo yaanzie hapo.

Wanasoma, alama za buluu zinaonekana, hakuna anayejibu

Angalia ukubwa wa kundi kwanza. Darasa zima la watu arobaini katika kundi moja la WhatsApp ni mahali pa matangazo. Hakuna anayefunua fikra zake mbele ya watu arobaini, tena fikra ambazo bado hazijaiva. Gawa makundi ya watatu au wanne kwa tafakuri, na wewe mwalimu uwemo au usiwemo kwa makubaliano. Nimeona makundi yakifunguka mwalimu anapotoka, na kisha yakamletea yeye muhtasari wa mambo mawili waliyokubaliana yatoke nje.

La pili ni sauti za wasichana. Ujumbe wa sauti ni chombo kizuri sana cha kutafakari: mtu husema kwa lahaja yake, Kiamu chake kikatoka kama kilivyo, na fikra ambayo ingemchukua saa nzima kuiandika kwa Kiingereza anaimaliza kwa dakika moja. Lakini binti wengi hawatatuma sauti zao kwenye kundi lenye wavulana, na wazazi wao hawatapenda. Sauti hutumwa mbele kwa kugusa mara moja, na ikishatoka hairudi. Namba ya simu nayo inaonekana kwa kila aliyemo. Usichukulie kimya chao kuwa uvivu au kutojua. Wape njia ya pili inayolingana kwa uzito: sauti kwako peke yako, au maandishi kwenye fomu, au kundi la wasichana watupu. Ukiwa na wanafunzi walio chini ya miaka 18, kumbuka pia Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Waeleze wazazi mapema unakusanya nini, nani atasikiliza, na utafuta lini. Mzazi aliyeelezwa vizuri mwanzoni huwa mshirika wako.

Na kama sauti zinatumwa lakini hakuna anayezisikiliza, ni ndefu. Weka kikomo cha sekunde tisini. Kisha mpangie kila mmoja mwenzake mmoja wa kumsikiliza, na msikilizaji aandike sentensi moja: "Nilivyokuelewa, unasema kwamba…" Msemaji ajibu ndivyo au sivyo. Wakati mwingine "sivyo" ndiyo inayozaa tafakuri yenyewe, kwa sababu mtu hulazimika kujieleza upya na katika kujieleza akagundua alichokusudia.

Zinachelewa, au hazifiki kabisa

Hapa chora kalenda ya mwanafunzi kabla ya kuhukumu. Ulipanga mwisho wa kuwasilisha Ijumaa saa sita mchana, wakati watu wako msikitini? Ulipanga usiku wa Ramadhani wakati wa tarawehe? Ulipanga wiki ya Maulidi, katika Mfungo Sita, mji ukiwa umejaa wageni na kila nyumba ina shughuli? Anayetoka kisiwa cha Pate husafiri kwa kufuata maji, na maji yakitoka chombo kinasubiri, utake usitake. Siku hiyo simu yake iko mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni, na mtandao njiani unakuja na kuondoka.

Badala ya saa moja ya mwisho, weka dirisha la siku tatu. Ruhusu tafakuri iandikwe bila mtandao: programu ya Moodle ya simu huhifadhi kazi iliyoandikwa nje ya mtandao na kuipeleka mtandao ukirudi, mradi mwanafunzi alipakua somo mapema. Google Docs nayo hufanya kazi bila mtandao hati ikiwa imewekwa hivyo kabla. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, atume ujumbe mfupi wa kawaida. Anayependa daftari aandike daftarini apige picha, lakini mwambie aitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana hiyo hupunguzwa ukubwa. Akiituma kama faili inaenda nzima na inakula bando.

Kama baada ya yote hayo mtu yule yule hachangii, mpigie simu. Usiandike, piga.

Ushahidi umepotea

Umewaambia wachague ujumbe wa wiki mbili zilizopita, wanakwambia haupo. Kwanza tazama mipangilio ya kundi: huenda kuna aliyewasha ujumbe unaojifuta, ambao WhatsApp huuondoa baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Msimamizi anaweza kuzuia wengine wasibadilishe mipangilio, na kwa kundi la masomo nashauri azuie tangu siku ya kwanza. Pili, simu zikijaa watu hufuta picha na sauti bila kuangalia. Mkabidhi mwanafunzi mmoja kazi ya kutunza kumbukumbu: kila mwisho wa wiki atoe nakala ya mazungumzo ya kundi, jambo ambalo WhatsApp yenyewe inaliwezesha, aiweke kwenye folda ya pamoja ambayo ni kundi tu linaiona. Kazi hiyo izunguke, isimkalie mmoja.

Kiswahili au Kiingereza kimekuwa laini ghafla

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, kila mwalimu ameshakutana na tafakuri iliyoandikwa na mashine. Utaitambua kwa kukosa vitu: haina mahali, haina mtu, haina saa, haina kosa dogo ambalo ni mhusika tu angelijua. Inazungumzia "umuhimu wa mawasiliano bora katika timu" na visiki haivitaji.

Usikimbilie programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. Hukosea, na huwakosea zaidi wanaoandika kwa lugha isiyo yao ya kwanza, yaani wanafunzi wetu hasa. Kumtuhumu mtoto aliyejitahidi ni jeraha ambalo halitapona kwa msamaha wa mwisho wa muhula.

Tafuta kwanza kwa nini ameikimbilia mashine. Mara nyingi ni lugha: ameambiwa atafakari kwa Kiingereza, naye hafikirii hisia zake kwa Kiingereza. Mruhusu aseme kwa Kiswahili anachokitumia nyumbani, kwa sauti kama anataka. Mara nyingine ni kwamba swali lilikuwa la jumla, na swali la jumla mashine inalijibu vizuri kuliko yeyote. Rudi kwenye kumbukumbu za kazi. "Nionyeshe ujumbe uliokufanya ubadili mawazo, na uniambie kabla yake ulikuwa unafikiri nini." Mashine haikuwemo kwenye kundi lenu usiku ule wa saa tatu.

Ni simulizi tupu, hoja hakuna

"Jumatatu tulikutana, Jumanne tukaenda kuhesabu, Jumatano tukaandika." Wataalamu wawili wa Australia, Neville Hatton na David Smith, mwaka 1995 walipanga maandishi ya wanafunzi wa ualimu katika ngazi nne: maelezo matupu, maelezo yenye sababu, mazungumzo ya mtu na nafsi yake akipima njia tofauti, na uhakiki unaotazama jamii na historia. Wanafunzi wengi hukaa ngazi mbili za kwanza, na si aibu. Chukua sentensi moja ya mwanafunzi na uipandishe ngazi moja mbele ya wote, kwa ridhaa yake. "Jumanne tukaenda kuhesabu" inakuwa "Jumanne tukaenda kuhesabu maji yakiwa yametoka, kwa sababu yakijaa visiki vya chini havionekani." Kisha: "Wa Faza alienda maji yakiwa nusu, kwa hivyo huenda hesabu yake ni ndogo kuliko ilivyo kweli, nasi tungeweza kurudia au kueleza." Wanafunzi wakiona sentensi yao wenyewe ikikua hivyo hawahitaji mhadhara.

Kuhusu maksi: toa kidogo, na zitoe kwa kuambatisha ushahidi na kuueleza. Ukitoa maksi kwa hisia nzuri utapata hisia nzuri, zote za kutungwa.

Tafakuri imegeuka mashtaka

Hii ni kinyume cha adabu niliyoitaja, na hutokea pale maksi za kundi ni moja kwa wote na mtu mmoja amebebeshwa mzigo. Ana haki ya kulalamika, lakini mahali pake si hapa. Fungua mlango mwingine wa malalamiko, fomu fupi inayokuja kwako peke yako katikati ya kazi, wakati bado inaweza kurekebishwa. Na usitumie hata siku moja maneno ya tafakuri ya mtu kumwadhibu mwenzake. Ukifanya hivyo mara moja tu, habari itafika Kizingitini kabla ya jua kuchwa, na tafakuri zote zitakazofuata zitakuwa zile za "tulishirikiana vizuri."

Tafakuri nzuri, kazi inayofuata ni ile ile

Mwanafunzi kaandika vizuri kwamba wakati mwingine watakubaliana maana ya maneno kabla ya kuhesabu. Mradi unaofuata, wa mapato ya wavuvi, wanaanza kuuliza watu bila kukubaliana "mapato" ni kabla au baada ya kutoa gharama ya mafuta. Tafakuri ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyeifungua tena. Imelala kwenye fomu.

Chanzo kipo kwetu walimu. Tunakusanya, tunasoma, tunaandika "vizuri," tunafunga. La kufanya ni dogo: hifadhi jibu la "Sasa je?" la kila kundi, na siku ya kuanza mradi mpya lirudishe. Kwenye WhatsApp ujumbe unaweza kubandikwa juu ya kundi kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Bandika sentensi yao wenyewe kwa siku 30, kwa maneno yao, bila kusahihisha sarufi. Kwenye Google Docs iweke mstari wa kwanza wa hati mpya.

Na huna haja ya kujibu tafakuri arobaini kila wiki. Chukua kumi wiki hii, kumi wiki ijayo, na kila moja uijibu kwa swali moja la kweli, lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. "Mlipokubaliana kuhesabu visiki vyote, kuna aliyebaki hajaridhika?" Jibu la swali hilo huja usiku, mara nyingi kwa sauti, na huwa refu kuliko tafakuri yenyewe.